Fletcher Henderson na Chimbuko la Jazi ya Bendi Kubwa

Aghalabu historia ya muziki wa swingi huanziwa tarehe 21 Agosti 1935, usiku ambao Benny Goodman aliwasisimua vijana katika ukumbi wa Palomar mjini Los Angeles. Makala haya yanashikilia kwamba mwanzo huo umechelewa kwa takriban miaka kumi, na kwamba anayestahiki kutajwa kwanza ni Fletcher Henderson.

Henderson alizaliwa Cuthbert, katika jimbo la Georgia, mwaka 1897. Alisomea kemia na hisabati katika Chuo Kikuu cha Atlanta, na mwaka 1920 akaenda New York kwa nia ya kuendelea na kemia. Taaluma hiyo haikuwa na nafasi kubwa kwa Mmarekani mweusi. Riziki yake akaipata kwa piano. Mwaka 1924 bendi yake ilianza kupiga katika ukumbi wa dansa wa Roseland.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Yeye na mpangaji wake wa muziki, Don Redman, waliigawa bendi katika makundi: tarumbeta na tromboni upande mmoja, saksafoni na klarineti upande wa pili, kundi moja likaita, jingine likaitikia. Wachunguzi wa fasihi simulizi hawatauona utaratibu huu kuwa mgeni. Baina ya sehemu zilizoandikwa iliachwa nafasi ya mpigaji mmoja kubuni papo hapo, na Louis Armstrong, aliyejiunga nao mwaka huohuo na kuondoka 1925, aliwaonyesha namna ya kuulegeza mdundo uliokuwa umekakamaa. Redman naye aliondoka 1927. Baadaye Henderson aliandika mwenyewe, tena kwa ustadi usiopungua wa mtangulizi wake.

Ila uongozi haukuwa fani yake. Alikuwa mpole mno, na baada ya ajali ya gari ya mwaka 1928 ulegevu huo ulizidi. Bendi ilivunjika 1934. Ndipo alipomuuzia Goodman mipangilio yake, ukiwamo ule wa "King Porter Stomp", utunzi wa Jelly Roll Morton; na ni mipangilio ya Henderson iliyowainua wachezaji wa Palomar. Goodman, Mzungu, akavikwa taji la mfalme wa swingi. Haki yataka isemwe kwamba hakulificha deni lake, na mwaka 1939 alimwajiri Henderson. Kiharusi kilimpata Henderson mwaka 1950, akafariki New York tarehe 29 Desemba 1952.