Zwangendaba: Mfalme wa Wangoni Aliyefia Ufipa

Bila shaka unalijua jina la Zwangendaba kutoka mada ya uhamaji wa Wangoni. Jambo ambalo watahiniwa wengi hulisahau ni kwamba alifia hapa nchini, mahali paitwapo Mapupo, katika nyanda za juu za Ufipa, mkoa wa Rukwa wa leo. Vitabu vingine huandika mwaka 1845, vingine 1848. Ukiandika miaka ya 1840 uko salama.

Alikuwa wa ukoo wa Jere, mwana wa Hlatshwayo, na alipigana chini ya Zwide, mfalme wa Ndwandwe. Shaka alipowashinda Ndwandwe mwaka 1819, Zwangendaba alikuwa na njia mbili: kumtii Shaka au kuhama. Akahama. Alipitia Msumbiji, akaisambaratisha dola ya Warozwi katika Zimbabwe ya leo, na tarehe 20 Novemba 1835, siku jua lilipopatwa, akavuka mto Zambezi. Kutoka hapo alipita Malawi hadi Ufipa, nchi yenye malisho kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa.

Sasa soma kwa makini, maana hapa ndipo penye maksi. Usiishie kutaja mkuki mfupi, ngao kubwa ya ngozi na mpangilio wa pembe za ng'ombe. Jiulize jeshi hilo liliamuliwa na nani. Juu alikuwa mfalme. Chini yake walikuwapo manduna, kila mmoja akiwa na kundi lake, ng'ombe wake na mateka wake. Vijana waliotekwa njiani waliingizwa katika vikosi vya rika, wakawa Wangoni. Kwa hiyo jeshi liliongezeka kadiri lilivyosafiri. Lakini kila kundi lilikuwa kama dola ndogo inayoweza kujitegemea, na kilichoyaunganisha makundi hayo ni mtu mmoja.

Mtu huyo alipokufa, wanawe Mpezeni na Mbelwa walikuwa bado wadogo. Wazee na manduna walipaswa kuamua nani arithi, na hawakukubaliana. Uongozi ukashikwa kwa muda na Ntabeni, ndugu wa marehemu, kisha Mgayi, lakini mgogoro haukuisha. Nduna asiyeridhika hakulazimika kupigana na wenzake. Aliwachukua watu wake, akaondoka. Jeshi lililopita kusini yote ya Afrika likatawanyika kwa sababu ya baraza lisiloafikiana. (Swali likiuliza kwa nini Wangoni waligawanyika, usiandike kwamba Wafipa waliwashinda.)

Watuta walikwenda kaskazini hadi Runzewe, na baadaye Mirambo wa Unyamwezi akaiga mbinu zao za vita. Mpezeni aliishia mashariki ya Zambia, Mbelwa kaskazini ya Malawi. Zulu Gama alielekea kusini mashariki hadi Songea. Huko aliwakuta Wamaseko wa Mputa, Wangoni waliokuja kwa njia yao wenyewe bila kumfuata Zwangendaba, usiwachanganye. Wamaseko wakafukuzwa, na nchi ikawa ya dola mbili, Mshope na Njelu. Dola hizo mbili ndizo zilizoingia Vita vya Majimaji mwaka 1905, Chabruma akiwa mfalme wa Mshope.