Padre Antoine Horner, Mwalimu wa Kitabu na Jembe

Sisi tunaofundisha katika milima ya Uluguru hatulitaji sana jina la Padre Antoine Horner, kwa kuwa misheni ya Morogoro ilifunguliwa mwaka 1882, naye alikuwa amekwisha kufa. Walakini njia tuliyoirithi ya kulea watoto shuleni ilianzia mikononi mwake.

Alizaliwa mwaka 1827 katika nchi ya Alsace, Ufaransa. Akaingia Shirika la Roho Mtakatifu, akatumika kisiwani Réunion, hata mwaka 1863 akafika Unguja. Siku zile soko la watumwa lilikuwa wazi bado. Mapadre wakawakomboa watoto kwa fedha, na hao ndio waliokuwa wanafunzi wao. Basi hapo palikuwa na swali zito: mtoto aliyenyang'anywa mama, ukoo na lugha yake, afundishwe nini kwanza?

Horner aliona kwamba kichwa na mikono visitenganishwe. Mtoto asome, na siku ile ile ashike jembe, randa au nyundo, ili akikua asimtegemee bwana mwingine. Kazi hiyo yataka ardhi. Kwa hiyo mwaka 1868 akavuka bahari, akafungua misheni ya Bagamoyo, penye shule, karakana na mashamba pamoja. Vijana wakaoana, wakakaa katika kijiji chao wenyewe. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha karibu majengo yote, nao wakaanza tena. Mwaka 1877 baadhi ya jamaa hizo changa wakaenda pamoja na mapadre kuanzisha Mhonda, katika milima ya Nguru. Kwetu sisi hilo ndilo tendo lake kubwa, maana wanafunzi wa jana walikuwa sasa mfano kwa wenyeji.

Wako wanaosema kwamba jembe lilikula saa za kitabu, na kwamba mtoto aliyekombolewa hakuulizwa atakalo. Neno hilo lina haki yake. Tena, kipimo cha Bagamoyo hakikutosha huku kwetu. Mapadre walipofungua Matombo mwaka 1897 na Mgeta mwaka 1906, walimkuta mtoto wa Kiluguru ana ukoo wa mama yake, ana mjomba, ana shamba la ukoo mlimani. Huyo hakuwa wa kupewa kijiji kipya. Mwalimu aliyetaka kumfundisha ilimpasa kuketi kwanza na wazee wake, kazi ambayo Bagamoyo haikumfundisha mtu.

Horner hakuyaona hayo. Alirudi Ufaransa hali mgonjwa, akafa mjini Cannes mwaka 1880.