Jacob Riis na Taa Yake ya Picha

Wanafunzi wanaotaka kuonyesha kwa slaidi zama za matengenezo huko Marekani, twaona waanze na Jacob Riis, kwani kazi yake ndiyo hiyo hiyo.

Alizaliwa Ribe, nchi ya Denmark, mwaka 1849, akahamia Marekani mwaka 1870. Ufukara aliuonja: alilala katika malazi ya maskini yaliyokuwa ndani ya vituo vya polisi. Baadaye akawa mwandishi wa gazeti, akizunguka usiku mtaa wa Mulberry, mjini New York. Aliandika sana juu ya vyumba visivyo na dirisha, watu wamerundikana humo, wala wenye nafasi zao hawakushtuka. Mwaka 1887 alipata habari za unga unaowaka ghafla ukatoa mwanga, akaingia nao gizani pamoja na kamera. (Mara mbili alizitia moto nyumba za watu!) Mwaka 1888 akaanza kuonyesha picha zile ukutani kwa taa, na mwaka 1890 akatoa kitabu.

Ila nazo anazo. Wengine aliwapiga picha usingizini pasi na idhini, na maandishi yake juu ya Wachina, Wayahudi na Wataliana yana dharau isiyofichika. Wanafunzi wasilifunike hilo.

Malazi yale ya polisi yalifungwa mwaka 1896. Sheria ya nyumba za kupanga ikatoka mwaka 1901, naye akafariki mwaka 1914. Mulberry Bend, pahala alipopapigania mno, palibomolewa pakafanywa bustani. Siku ya kufunguliwa, mwaka 1897, Riis hakualikwa; akenda vivyo hivyo.