Leonhard Euler, asiyeona aliyeipima namba ya bilioni mbili

Chukua mbegu 12 za alizeti. Utazipanga safu tatu za mbegu nne nne, na hakuna itakayobaki. Ongeza moja ziwe 13: hapo hazipangiki tena kwa safu zinazolingana, labda uziweke zote mstari mmoja. Ndiyo maana shuleni 13 tuliiita namba tasa. Sasa fikiria mbegu 2,147,483,647. Je, nazo hazipangiki?

Aliyelijibu swali hilo ni Leonhard Euler (tamka Oila), aliyezaliwa Basel, Uswisi, tarehe 15 Aprili 1707. Baba yake alikuwa mchungaji na alitaka mwanawe amfuate, lakini kijana alipenda hesabu. Mwaka 1727 alikwenda St. Petersburg, Urusi, kwenye Akademia ya Sayansi. Baadaye alikaa Berlin miaka 25, akarudi Urusi 1766.

Jicho la kulia lilimharibikia akiwa bado kijana wa miaka thelathini hivi. La kushoto likaingia mtoto wa jicho. Mwaka 1771 alifanyiwa upasuaji, akaona kwa muda mfupi, kisha giza likarudi. Mwaka huohuo nyumba yake iliteketea kwa moto, naye akaokolewa kwa kubebwa. Hakuacha kazi. Alihesabu kichwani, wanawe na wasaidizi wakaandika.

Namba ile hupatikana kwa kuzidisha 2 thelathini na moja, kisha kutoa 1. Tangu 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alikuwa ameitaja kuwa tasa, bila kuonyesha kwa nini. Kuhakikisha kwa njia ya kawaida ni kuigawa kwa kila namba tasa hadi kufikia 46,340, yaani karibu namba 4,800. Jaribu kwa kalamu uone! Euler aligundua njia ya mkato: tasa yoyote inayoweza kuigawa, nayo ukiigawa kwa 248, lazima ibaki 1 au 63. Migawanyo isiyozidi 372 ikatosha. Kila mmoja uliacha baki. Mwaka 1772 akatangaza kwamba namba hiyo ni tasa kweli.

Alifariki St. Petersburg tarehe 18 Septemba 1783, akiwa na miaka 76. Hadi 1867 hakuna aliyekuwa amethibitisha namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Na huenda simu yako inaijua. Kompyuta na simu nyingi za zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu kuanza kwa mwaka 1970, na haziwezi kuvuka 2,147,483,647. Si kwa sababu ni tasa. Ni kwa sababu nafasi ya kuiandika inaishia hapo. Kwa saa za Tanzania, sekunde hiyo itafika tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi. Kifaa ambacho hakijarekebishwa kitaruka nyuma na kusoma Desemba 1901.