Cetshwayo: Mfalme Aliyevushwa Mawimbi

Mnamo mwaka wa 1879 magazeti ya picha ya London, likiwemo Illustrated London News, yaliwauzia wasomaji wake michoro ya kuchongwa ubaoni iliyoonyesha vita vya Wazulu na hatima ya mfalme wao, Cetshwayo, aliyetiwa mbaroni na kupelekwa uhamishoni. Mchoro wa aina hiyo humwacha mtazamaji akidhani kwamba hadithi imekwisha: mfalme kashindwa, meli inangoja, pazia limefungwa. Maisha ya Cetshwayo hayakuwa hivyo.

Alizaliwa katika miaka ya 1820, mwana wa Mpande, ndugu wa Shaka kwa baba. Hakuwa malaika. Mwaka wa 1856, huko Ndondakusuka karibu na mto Thukela, alimshinda nduguye Mbuyazi katika kugombea urithi, na maelfu ya watu wakaangamia, wanawake na watoto wakiwemo. Mpande alipofariki mwaka wa 1872, njia ilikuwa wazi, naye akatawazwa mwaka uliofuata.

Adui yake mkubwa ni mtu ambaye jina lake si geni kwetu. Sir Bartle Frere, ambaye kwake Freretown ya Mombasa ilipata jina, alikuwa amefika Unguja mwaka wa 1873 kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Miaka michache baadaye mtetezi huyo wa watumwa alikuwa Afrika Kusini akitafuta sababu ya kupigana na Wazulu. Mnamo Desemba 1878, pasipo idhini ya serikali yake, alimtaka Cetshwayo auvunje mfumo wake wa kijeshi katika muda wa siku 30. Ni sharti ambalo mfalme yeyote asingelitimiza akabaki mfalme.

Tarehe 22 Januari 1879, Wazulu waliliangamiza jeshi la Waingereza huko Isandlwana. Zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza waliuawa. Ikumbukwe kwamba Cetshwayo alikuwa amewakataza askari wake kuvuka mpaka na kuingia Natal. Alitaka kulinda nchi yake, kisha apatane. Upatanisho haukuja. Tarehe 4 Julai Ulundi iliteketezwa, na mnamo Agosti 28 mfalme alikamatwa katika msitu wa Ngome. Siku chache baadaye, huko Port Durnford, ufuo usio na bandari, alivushwa mawimbi kwa mashua hadi kwenye meli iliyompeleka Cape Town.

Hapo ndipo mchoro unapoishia, na hapo ndipo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, Cetshwayo alipoanza vita vyake vya werevu zaidi. Akiwa mfungwa aliwaandikisha watu barua nyingi kwa watawala akidai haki yake. Askofu Colenso wa Natal alimtetea. Mnamo Agosti 1882 alikuwa London, amevaa suti, akishangiliwa na umati wa watu wa taifa lile lile lililokuwa limemwita jahili, na akapokewa na Malkia Victoria.

Alirudishwa kwao Januari 1883, lakini nchi haikuwa ile aliyoiacha. Waingereza walikuwa wameigawa kwa machifu 13, na hata aliporejea walimwachia Zibhebhu, hasimu wake, eneo lake. Mnamo Julai mwaka huo Zibhebhu aliishambulia Ulundi mpya, akawaua wazee na washauri wengi wa mfalme. Kipigo hicho kiliivunja nchi kuliko mizinga ya mwaka wa 1879. Cetshwayo, akiwa na jeraha la mguu, alikimbilia msitu wa Nkandla, kisha Eshowe chini ya ulinzi wa Waingereza. Alifariki huko tarehe 8 Februari 1884. Daktari alitaja moyo. Watu wake walishuku sumu. Mwili ulirudishwa Nkandla kwa gari la kukokotwa na ng'ombe.

Mwanawe Dinuzulu, aliyemrithi akiwa kijana mdogo, alipandishwa meli naye pia mwaka wa 1890, safari hii kuelekea kisiwa cha St Helena.