Nikola Tesla na Mashua Iliyoongozwa kwa Redio

Bila shaka umepata kusikiliza redio. Angani hupita mawimbi ya vituo vingi kwa wakati mmoja, lakini redio yako hukuletea sauti ya kituo kile tu ulichokichagua. Je, umewahi kujiuliza kwa nini mawimbi hayo hayachanganyiki masikioni mwako? Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyelishughulikia jambo hilo zamani, ili aweze kuongoza chombo kilicho mbali naye bila kukigusa.

Mtu huyo aliitwa Nikola Tesla. Alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kimo katika nchi ya Kroatia. Baba yake alikuwa kasisi. Mama yake hakupata kwenda shule, lakini alikuwa hodari wa kubuni na kutengeneza vyombo vya nyumbani. Tesla alijifunza uhandisi mjini Graz, kisha akafanya kazi za umeme Budapest na Paris. Mwaka 1884 alivuka bahari kwenda Marekani. Huko alijulikana sana kwa mota zake zilizoendeshwa kwa umeme geu.

Mwezi Machi mwaka 1895 moto uliteketeza maabara yake mjini New York. Vyombo alivyovitengeneza kwa miaka mingi viliungua. Tesla hakukata tamaa. Alianza upya, na mwaka 1898 akawaonyesha watu wa mji huo mashua ndogo ya chuma ikielea katika birika kubwa la maji. Ndani yake mlikuwa na betri, mota ya kuzungusha rafadha, na mota nyingine ya kugeuza usukani. Hapakuwa na waya wala kamba kati ya Tesla na mashua. Hata hivyo, alipotaka iende kulia ilikwenda kulia, na alipotaka taa zake ziwake ziliwaka. Baadhi ya watazamaji walidhani kuwa huo ni uchawi.

Haukuwa uchawi. Tesla alikuwa na kipeleka mawimbi, na ndani ya mashua alitia kipokea mawimbi. Sehemu muhimu ya kipokezi hicho ilikuwa kichupa chenye unga wa metali. Mawimbi yalipofika, chembe za unga zilishikana na kuruhusu umeme kupita. Kisha kichupa kilipinduliwa ili chembe ziachane, zikangoja amri nyingine.

Sasa fikiri kidogo. Kama mawimbi yoyote yangeweza kuziamsha chembe zile, mashua ingemtii nani? Ingemtii kila mtu mwenye kipeleka mawimbi. Hata umeme wa radi ungeweza kuipotosha. Tesla alitambua kuwa chombo cha namna hiyo hakifai, kwa sababu mtumishi anayemtii kila apitaye hana bwana.

Ili uelewe njia aliyoitumia, fikiri juu ya bembea. Ukiisukuma kila inapokurudia, itakwenda juu zaidi na zaidi hata kama nguvu zako ni chache. Ukiisukuma ovyo ovyo, haitakwenda vizuri. Kila bembea ina mwendo wake. Kipokea mawimbi nacho kina mwendo wake wa mitetemo. Idadi ya mitetemo kwa sekunde huitwa masafa. Kipokezi kilicholinganishwa na masafa fulani huitikia mawimbi ya masafa hayo, na mawimbi mengine hukipita bila kukisumbua.

Tesla aliendelea mbele zaidi. Mwaka 1903 alipewa hataza za kipokezi kinachofanya kazi pale tu kinapopata mawimbi ya masafa mawili au zaidi kwa pamoja. Ni kama mlango wenye kufuli mbili: mwenye ufunguo mmoja hawezi kuingia.

Baada ya miaka mingi, watu walianza kurusha ndege ndogo za mfano kwa redio. Katika kipeleka mawimbi na katika kipokezi cha ndege walitia vipande vya fuwele vilivyolingana. Nchini Uingereza ndege hizo zilipewa masafa ya mitetemo kama milioni 35 kwa sekunde. Iwapo watu wawili waliwasha vyombo vya masafa yaleyale, ndege iliyokuwa angani iliweza kupotewa na uongozi na kuanguka. Siku hizi vyombo vingi hutumia mitetemo kama milioni 2,400 kwa sekunde, na kila kipeleka mawimbi kina namba yake. Kabla ya kurusha ndege, kipokezi hufundishwa namba hiyo, nacho hukataa amri zenye namba nyingine.

Tesla alifariki tarehe 7 Januari 1943 katika chumba cha hoteli mjini New York, akiwa hana mali nyingi. Mwaka 1960 wanasayansi walikipa kipimo kimoja cha sumaku jina lake, tesla.

Jaribio

Funga uzi mnene kati ya viti viwili, usiukaze sana. Ning'iniza humo mawe matatu madogo yenye uzito sawa: mawili kwa nyuzi za sentimita 40, na la tatu kwa uzi wa sentimita 20. Bembeza jiwe moja lenye uzi mrefu. Yatazame yale mengine mawili kwa muda wa dakika moja. Andika ulichokiona.

Maswali

1. Unga wa metali ulifanya kazi gani katika mashua ya Tesla?
2. Masafa ni nini?
3. Kwa nini haikutosha mashua kupokea mawimbi tu?
4. Katika jaribio lako, ni jiwe lipi liliitikia zaidi? Eleza sababu.