Allidina Visram: Tajiri wa Maduka na Sadaka Iliyobaki

Mtu akitoka katikati ya Eldoret akashika njia ya Iten, hachelewi kufika Kimumu. Hapo, kama katika vitongoji vyote vya bara, atayakuta maduka ya vyakula: sukari, chumvi, unga, majani ya chai na sabuni ya mche. Mteja hununua kwa kadiri ya mfuko wake, na akipungukiwa humwomba mwenye duka amwandike daftarini. Sisi watu wa pwani hatuna la kushangaa, kwani duka la namna hiyo ni mtoto wa kwetu. Lilitoka katika bandari zetu, likapanda bara juu ya vichwa vya wapagazi, kisha likapanda gari la moshi. Na miongoni mwa waliolipandisha, aliyevuma kuliko wote ni marehemu Allidina Visram.

Allidina alizaliwa mwaka 1851 huko Kera, katika nchi ya Kutch, Bara Hindi. Watu wake walikuwa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia. Alivuka bahari angali kijana, akaingia Bagamoyo mikono mitupu, akafanya kazi chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akiwatayarishia wasafiri wa bara vyakula, bidhaa na wapagazi. Hapo ndipo alipofunzwa biashara. Misafara ilipanda na marekani, kaniki, shanga, chumvi na nyaya za shaba, ikateremka na pembe za ndovu, nta na ngozi.

Alipojimudu, Allidina alifungua maduka yake mwenyewe, akayafuatisha njia ya misafara mpaka Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wafanyabiashara wengi wa zama zake waliungojea msafara urudi pwani. Yeye aliona ni heri kumweka mtu wake huko huko bara, auze na kununua mwaka mzima. Fikra hiyo ndogo ndiyo iliyomtajirisha.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwani. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na watu wote hao walihitaji mchele, dengu, samli na viungo. Allidina aliifuata reli kituo baada ya kituo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika mahali panapoitwa leo Kisumu, naye alikuwa na maduka njiani. Kampala alikuwa amekwisha kuingia hata kabla ya reli kufika ziwani. Mahali pasipokuwa na benki, maafisa wa serikali wenyewe walipata fedha taslimu dukani kwake. Na Uganda, watu waliozoea kuhesabu mali kwa kauri walianza kuizoea rupia kwa kuuza na kununua katika maduka kama yake.

Lakini mtu mmoja atasimamiaje maduka mengi, mengine mwendo wa majuma kutoka pwani? Jawabu ni neno tulijualo sana: mali kauli. Allidina aliwaleta vijana kutoka kwao, akawafunza kazi, kisha akawapa bidhaa kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza. Kijana alilala nyuma ya duka, akajifunza lugha ya wenyeji, akapima chumvi kwa kibaba na kitambaa kwa mkono. Wengi walijitegemea baadaye. Hivyo basi, rasilimali yake kubwa haikuwa ghalani tu. Ilikuwa katika kuaminiana.

Mtindo huo wa biashara ndio uliofika mpaka Eldoret. Mji huo ulianzia kwenye shamba namba 64 la walowezi, ukafunguliwa posta mwaka 1910 na kupewa jina la Eldoret mwaka 1912. Wenyeji waliuita Sisibo, kwa kulitamka jina la Kiingereza la namba hiyo. Mpaka reli ilipofika huko mwaka 1924, bidhaa za Mombasa ziliteremshwa stesheni ya Londiani, zikamalizia safari kwa magari ya ng'ombe katika tope zito. Serikali ya kikoloni iliwatengea Wazungu mashamba ya nyanda za juu. Mhindi hakuruhusiwa kulima huko, na Mwafrika alifanywa kibarua juu ya ardhi ya babu zake. Mhindi aliachiwa kiwanja cha mjini, na duka likawa ndilo shamba lake.

Haifai kumsifu marehemu kupita kiasi. Utajiri wake wa mwanzo ulitokana na pembe, na pembe zilibebwa na wapagazi ambao wengi wao walifia njiani na majina yao hayakuandikwa popote. Reli aliyoilisha ndiyo pia iliyowaleta watawala. Hata hivyo mkono wake haukuwa mzito kutoa, wala hakuuliza dini ya mpokeaji. Alisaidia hata ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe, Kampala.

Zaidi ya maduka alikuwa na viwanda vya kuchambulia pamba, vinu vya mafuta, na vyombo vya kusafiri katika Ziwa Viktoria. Mwaka 1916 alikwenda Kongo kwa shughuli za biashara, akapatwa na homa, na mwaka huo huo akafariki dunia. Sisi sote ni wa Mungu na kwake tutarejea.

Ndipo udhaifu wa mali ile ulipoonekana. Mali kauli hutegemea kauli ya mtu, na mwenye kauli alikuwa amekwenda. Mwanawe Abdulrasul alishika usukani, lakini naye alifariki mwaka 1923, na haikuchukua miaka mingi milki ile ikasambaratika. Maduka yakafungwa, viwanda vikapita mikononi mwa wengine.

Lakini kabla hajafa, Abdulrasul alikuwa ametoa fedha kujenga shule Mombasa kwa kumkumbuka baba yake. Shule ya Allidina Visram ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1923, kwanza kwa watoto wa Kihindi, na baadaye ikawa ya watoto wa kila kabila. Wangapi katika wasomaji wetu hawana baba, mjomba au mtoto aliyepita pale?

Haba na haba hujaza kibaba, na Allidina alivijaza vibaba visivyo na idadi. Vyote vimemwagika isipokuwa kile kimoja kilichotolewa sadaka. Mwenye duka wa Kimumu anapofungua daftari lake asubuhi anaifuata njia aliyoikanyaga tajiri huyo, pengine bila ya kulijua jina lake. Mtoto wa Mombasa analijua jina hilo kwa sababu limeandikwa langoni mwa shule.